Ukipangiwa kata yenye mnyauko: niliyojifunza kuhusu sheria ndogo za miti na migomba

Habari zenu wadogo zangu mliopata ajira mpya halmashauri, najua wengine mshapangiwa kata na mnaripoti wiki hizi, hongereni sana. Mimi nimefanya ugani miaka kumi na tatu na karibu yote nimeimalizia mkoa wa Kagera, halmashauri siitaji, na kilichonila muda kuliko mbegu na mbolea ni hizi sheria ndogo za kulinda miti na kuzuia magonjwa ya migomba na mibuni. Chuoni tuligusiwa tu tukapita. Kwa hiyo naandika nilichojifunza kwa gharama, na gharama yenyewe sehemu kubwa waliibeba wakulima, ndio maana sitaki na nyie mkaanzie nilipoanzia mimi.

Kule kibanja (shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba) kiko mlangoni kabisa, mgomba ndio chakula cha mchana na cha usiku, ndio kivuli cha kahawa, majani yake ndio matandazo, na makaburi ya wazee yamo humo humo ndani. Sasa wewe unakuja na karatasi ina muhuri unamwambia mtu aukate. Mnyauko bakteria ulithibitishwa Kagera mwaka 2006, Uganda walishauona tangu 2001, na hauna dawa ya kupulizia hata moja, atakayekuja kuwauzia wakulima wako dawa ya mnyauko mzuie siku hiyo hiyo. Dalili mtazijua haraka: majani yananyauka na kuwa ya njano, ndizi zinaiva kabla hazijakomaa, ukipasua ndani zina rangi kama kutu, ukikata shina linatoka ute wa njano. Kinga yake ni ya mikono tu, yaani kuondoa ua dume (lile la zambarau linaloning'inia) mara tu chane ya mwisho ikishatoka, tena kwa kijiti chenye panda sio kwa panga, halafu kuchoma panga kwenye moto au kuliosha kwa maji ya Jiki kabla hujahamia shina lingine, kutochukua machipukizi shamba usilolijua, na kuutoa mgonjwa mapema. Sheria ndogo nyingi za huko ukizisoma vizuri zinajaribu kulazimisha hayo hayo manne na kuweka faini.

Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa na moto sana. Nikatoka na mtendaji wa kijiji na mgambo wanne, tukaingia kibanja cha bibi mmoja mjane, migomba kama kumi na tano hivi inaonyesha dalili, agizo lilikuwa ng'oa shina zima na machipukizi yake yote, basi tukafyeka kona nzima ile. Bibi hakubishana, alikaa pale mlangoni akaniambia "mwanangu, hawa wajukuu watakula nini kesho?" na mimi nikamjibu sheria ndio inavyosema bibi. Mpaka leo lile jibu linaniuma. Tukatoka pale tukaenda vibanja vingine vitatu siku hiyo hiyo, na mapanga ni yale yale, hatukuyachoma hata mara moja kwa sababu tulikuwa na haraka ya kufikisha idadi ya ripoti. Miezi michache mbele mnyauko ukatokea kwenye kibanja kimoja kati ya vile vitatu, upande tuliopita sisi. Siwezi kuthibitisha ni panga letu, lakini bakteria huyu anabebwa na panga, hilo halina ubishi, na mgambo mmoja aliniambia kabisa "afisa tumewapelekea wenyewe".

Kilichofuata ni kibaya zaidi. Watu wakaanza kuficha. Mtu akiona jani la njano analikata usiku analizika chini ya matandazo, ukipita asubuhi kibanja kinang'aa, unaandika kijiji hiki salama, kumbe moto uko chini. Karibu mwaka mzima ripoti zangu zilikuwa nzuri na ugonjwa unatembea. Kwa hiyo wadogo zangu nikisema mtu wa kwanza kuja kukuambia kwangu kuna mgomba mgonjwa ndiye mtu wa thamani kuliko wote kwenye kata yako, namaanisha hivyo, huyo ukimpiga faini umefunga midomo ya kijiji kizima. Tulikuja kubadilisha kifungu cha sheria ndogo ya kijiji kikasomeka kwamba anayetoa taarifa mwenyewe ndani ya siku saba hatozwi chochote na kamati inaenda kumsaidia kukata, faini inabaki kwa anayeficha na anayeuza machipukizi ya shamba lenye ugonjwa. Ndani ya msimu mmoja taarifa zikaanza kuja zenyewe, nyingine zinaletwa na watoto wa shule.

Na siku hizi hata kukata kwenyewe kumebadilika. Zamani ni kung'oa shina zima, kazi ya jasho, mama mwenye migomba mia atang'oa mingapi. Baadaye wataalamu wakaona kwamba bakteria hafiki kwenye kila chipukizi la shina moja, hivyo ukiukata ule mgomba mmoja unaoumwa usawa wa ardhi, mapema, na ukaendelea kupita kila wiki, mengi yaliyobaki yanapona na kibanja kinabaki na chakula. Ila inataka umakini wa kila wiki, ukikata mmoja leo ukarudi baada ya miezi miwili haisaidii, na kama karibu shamba lote limeshika basi hapo ni kung'oa na kupumzisha ardhi kwa mazao mengine angalau miezi sita. Ukifika ofisini soma sheria ndogo uliyoikuta, ukikuta bado inasema ng'oa yote bila kuangalia hali ya shamba usianze kuwabana watu nayo, peleka hoja kwa mtendaji na diwani ifanyiwe marekebisho.

Sasa kwenye sheria yenyewe, hapa ndio wengi wanaangukia. Sheria ndogo ya kijiji ina safari yake: halmashauri ya kijiji inaandaa mapendekezo, mkutano mkuu wa kijiji unajadili (na ule ni wa watu wote wenye miaka 18 na kuendelea, sio wajumbe tu), ndipo inapanda kwenye halmashauri ya wilaya, baraza la madiwani likiridhia ndio inakuwa sheria. Ile ya wilaya inaenda mbali zaidi, inahitaji ridhaa ya waziri mwenye dhamana na kutangazwa kwenye gazeti la serikali. Nimewahi kukaa kwenye kijiji walichokuwa wanatoza faini miaka miwili kwa karatasi iliyoishia kwenye mkutano wa kijiji, haikupelekwa wilayani, siku moja mzee mmoja akakataa kulipa akapelekwa Mahakama ya Mwanzo, hakimu akauliza iliidhinishwa lini, kimya, kesi ikaisha pale. Kuanzia siku ile kila mtu kijijini akawa anasema sheria ya migomba ni ya uongo, na tulihitaji kuanza upya kabisa. Wiki ya kwanza tu omba nakala, tafuta muhuri na muhtasari wa kikao cha madiwani, usipouona usitoze shilingi ya mtu. Na pesa ikilipwa ilipwe kwa kontrol namba na risiti, usishike faini mkononi hata kama mtendaji atakwambia ndio utaratibu wetu hapa. Mtu akikataa faini njia ni mahakamani, hakuna kumfungia ofisini wala kumchukulia mbuzi.

Mjue pia juu yenu kuna nani. Kuna Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020 iliyounda TPHPA (Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu), hao ndio wenye mamlaka ya karantini na ukaguzi mipakani, na kwa misitu kuna Sheria ya Misitu ya 2002. Sheria ndogo yako haiwezi kupingana na hizo. Ukiona ugonjwa usioujua usijifanye unajua, piga picha, toa taarifa kwa DAICO (mkuu wa kilimo wa halmashauri), sampuli iende kwa wataalamu.

Mibuni nayo ina mnyauko wake, ule wa fuzari, huu ni kuvu na hauhusiani kabisa na wa migomba, na wakulima wanachanganya kwa sababu jina linafanana, tena vyote viko kwenye kibanja kimoja. Robusta ndio inayoumia. Mbuni unapukutisha majani upande mmoja halafu wote unakauka, ukibandua gome karibu na ardhi unaona mti umeingia weusi wa bluu. Huo unang'olewa na kuchomwa pale pale uliposimama. Pale pale. Nasisitiza kwa sababu mbuni mkavu ni kuni nzuri sana, mtu ataukubali ukatwe halafu jioni anauburuza kupitia mashamba ya watu sita mpaka jikoni, na vimelea vinadondoka njia nzima. Ukienda kusimamia kung'oa usiondoke kabla moto haujawaka, na kama familia haina kuni za kupikia liongeeni hilo wazi, sisi kijiji kimoja tuliwaruhusu wenye mibuni iliyoungua kukata matawi ya mikaratusi ya shamba la kijiji kwa mwezi mmoja, na kuburuza mibuni kukaisha.

Kwenye miti mingine nitapita haraka maana wenzangu wa misitu wanajua zaidi. Kesi kubwa utakayokutana nayo ni mikaratusi kwenye chanzo cha maji. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni au ziwani, na halmashauri nyingi zimeongeza vifungu vyao kuhusu mikaratusi. Ukienda kupima nenda na futi kamba, pima mbele ya mwenye shamba na majirani na mjumbe, piga kigingi, kila mtu aone. Mimi niliwahi kukadiria kwa hatua za miguu, tukagombana na ukoo mzima. Na mwenye miti mpe muda aivune auze kwa kibali halali, usimwambie ing'olewe kesho, ile ni ada ya mtoto wake. Mkaa na mbao zikitembea bila TP (kibali cha kusafirishia mazao ya misitu) usisimamishe gari peke yako usiku, piga simu.

Agizo la kila halmashauri kupanda miti milioni moja na nusu kwa mwaka nalo litakufikia, utaambiwa ulete idadi. Leteni ya iliyopandwa, lakini kwenye daftari lako mwenyewe andika iliyobaki hai baada ya kiangazi cha Juni mpaka Agosti, maana moto wa rweya (nyika ya majani ya huko kwetu) unapita mle kila mwaka na hakuna anayehesabu majivu.

Mwisho, kwa mtakaopangiwa kata za mpakani na Uganda, Missenyi na kwingine huko. Machipukizi yanatembea kama zawadi, dada kaolewa upande wa pili anamletea mama yake mbegu nzuri, mtu kafunga mzigo kwa majani ya migomba kutoka sokoni. Hakuna geti litakalozuia hilo. Nendeni misibani, kwenye vikundi vya akina mama vya kuweka na kukopa, kanisani na msikitini ombeni dakika tano baada ya ibada, na mkizungumza shikeni jani lenyewe lenye ugonjwa ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa, watu waone, halafu mlichome mbele yao mkimaliza. Yule bibi niliyemfyekea nilirudi kwake baada ya miaka miwili kumuomba radhi, nikapanda naye machipukizi safi ishirini na nikawa napita kila Jumamosi mpaka yakatoa mikungu. Sasa hivi ni mjumbe wa kamati ya mazingira ya kijiji, na ndiye anayewafundisha wengine kutengeneza kile kijiti cha panda.