Mto Vidourle na maana ya “mafuriko ya miaka mia”

Swali: Mimi na mume wangu tunaishi Montpellier, kusini mwa Ufaransa. Tumepata nyumba ya bei nafuu, isiyo na ghorofa, katika kijiji kilicho kati ya Sommières na Lunel, yapata mita 200 kutoka Mto Vidourle. Tulipokwenda kuiona mwezi wa Agosti maji yalikuwa yametulia kabisa, na sehemu za juu tulizopita kwa gari zilikuwa kokoto tupu. Dalali alituambia kwamba mafuriko ya 2002 yalikuwa “ya miaka mia”, kwa hiyo hatutayaona tena maishani mwetu, na kwamba huko juu yamejengwa mabwawa matatu ya kuyazuia. Je, tuziinue soketi za umeme kiasi gani ili tuwe salama, na tuwe macho miezi ipi?

Jibu: Dada yangu, suala la soketi nitalijibu mwishoni, kwa sababu kabla yake kuna jambo zito zaidi, nalo ni yale maneno ya dalali kuhusu miaka mia. Nimeyasikia kwa wauzaji wa nyumba, kwa wapangaji na hata kwa watu wenye elimu kubwa, na kila ninapoyasikia najua kwamba kuna familia inayokaribia kuweka sahihi kwa kutegemea hesabu ambayo haipo.

Mafuriko ya miaka mia si mgeni mwenye ratiba, ambaye akishapita mwaka 2002 basi tumngojee mwaka 2102. Maana yake ni kwamba katika kila mwaka, bila kujali kilichotokea mwaka uliotangulia, kuna nafasi moja katika mia ya maji kufikia au kupita kiwango hicho. Ukirusha dadu ikatoka sita, mrusho unaofuata haukumbuki sita ile. Na kama mkopo wenu wa nyumba ni wa miaka 25, nafasi ya kuyapata mafuriko hayo angalau mara moja kabla hamjamaliza kulipa inazidi asilimia 22, yaani zaidi ya moja kwa tano. Sidhani kama dalali angepata mnunuzi kwa urahisi angelisema hivyo. Historia ya eneo lenyewe inatosha kumjibu: mwaka 1958 mafuriko makubwa yaliupiga mkoa wa Gard mara mbili ndani ya siku chache, mwishoni mwa Septemba na mwanzoni mwa Oktoba, na wakazi wa Sommières wanaihesabu pia miaka ya 1933 na 2002. Wenyeji wana neno lao maalumu, *vidourlade*, kwa ghadhabu ya mto huu mmoja, na watu hawatungi neno la namna hiyo kwa jambo linalotokea mara moja katika karne.

Kuhusu ukavu mliouona, hilo ni umbile la mto wenyewe wala si dalili ya kudhoofika. Vidourle ni mto mfupi, usiofikia kilomita 100, unaoanzia kwenye miteremko ya milima ya Cévennes na kuishia pwani ya Mediterania karibu na Grau-du-Roi. Baada ya mji wa Saint-Hippolyte-du-Fort unaingia katika nchi ya mawe ya chokaa yaliyojaa nyufa na mapango, na wakati wa kiangazi maji yake huzama humo yote, yakapita chini ya ardhi na kuibuka tena katika chemchemi ya Sauve. Kokoto mlizoziona bila shaka ni za kipande hicho. Huku chini, maji hushikiliwa na vizingiti vingi vya zamani vilivyokuwa vya vinu vya kusagia, ndiyo maana mto unaonekana kama dimbwi refu lililotulia. Hali hizo mbili, ukavu wa juu na utulivu wa chini, zote humdanganya mtu anayeupima mto kwa macho mwezi wa Agosti.

Miezi ya hatari ni Septemba hadi Novemba, ingawa hata baada ya hapo mto haulali kabisa. Bahari ya Mediterania inakuwa bado na joto la kiangazi, upepo wa kusini unasukuma hewa yenye unyevu mwingi hadi kwenye ukuta wa Cévennes, hewa hiyo inapanda, inapoa, na mvua inamwagika mahali pamoja kwa saa nyingi bila kusogea. Tarehe 8 na 9 Septemba 2002, katika mji jirani wa Anduze, zilinyesha zaidi ya milimita 600 ndani ya saa 24, kiasi ambacho Paris hukipata kwa karibu mwaka mzima. Nyufa za chokaa zinazomeza mto wakati wa kiangazi zina kikomo, na zikishajaa hazipunguzi kitu. Mto uliokuwa ukipitisha maji kidogo sana wiki chache kabla ulipitisha Sommières zaidi ya mita za ujazo 2,000 kwa sekunde, kiasi kinachokaribia kile cha Mto Seine ulipoifurikia Paris mwaka 1910. Tofauti ni kwamba Seine ilipanda kwa siku kadhaa, na watu wakapata muda wa kuhamisha vitu, ilhali Vidourle hupanda kwa saa chache, pengine usiku, na pengine kijijini kwenu pasiwe na tone la mvua.

Mabwawa matatu ya Ceyrac, La Rouvière na Conqueyrac ni ya kweli, na yalijengwa baada ya maafa ya 1958. Kazi yake ni kukata kilele cha mafuriko kwa kuyashika maji kwa muda na kuyaachia polepole. Hata hivyo yote matatu yalikuwapo mwaka 2002, na Sommières ilizama vilevile. Aidha, Mto Bénovie unaingia Vidourle chini ya Sommières, na maji yake hayapiti katika bwawa lolote kati ya hayo kabla ya kufika upande wenu. Matuta ya udongo yaliyo kando ya mto huku tambarareni nayo yalibomoka katika sehemu kadhaa mwaka huo, na tuta linapobomoka maji huja kwa kishindo kikali kuliko yangekuja pasipo tuta.

Nawaomba wasomaji wote, si dada huyu peke yake, wasiwasikilize watu wanaotangaza kwamba mto ukisafishwa kokoto na miti mafuriko yatakwisha, wala wanaouza vizuizi vya milango kana kwamba ni dawa ya kila kitu. Wala msidhani kwamba pasipo mto pana usalama. Nîmes haina mto mkubwa unaopita katikati yake, lakini tarehe 3 Oktoba 1988 ilifurikiwa na makorongo yanayokaa makavu karibu mwaka mzima, ambayo wengi walikuwa wamesahau kwamba ni njia za maji kwa sababu yalikuwa yamefunikwa kwa barabara na majengo.

Sasa nyumba yenu. Sheria ya Ufaransa inamlazimu muuzaji kuwapa hati ya hali ya hatari, iitwayo *état des risques*, na kuwaeleza kwa maandishi kama nyumba iliwahi kulipiwa fidia ya maafa ya asili. Hati hiyo idaini leo, kabla ya mazungumzo mengine yoyote. Kisha nendeni ofisi ya meya mkaombe kuiona ramani ya mpango wa kuzuia hatari ya mafuriko, na muulize jambo moja tu kwa mita na sentimita: maji ya mafuriko yaliyotumika kuchora ramani hiyo yangefika kimo gani juu ya sakafu ya nyumba hii? Vuli ikianza, fuateni kila siku rangi za tahadhari za Météo-France, idara ya hali ya hewa, na za Vigicrues, huduma ya taifa ya tahadhari ya mafuriko ya mito, na katu msivuke kwa gari barabara iliyofunikwa na maji, hata kama yanaonekana ya kina kifupi.

Jibu la ofisi likiwa ni sentimita 30 au 40, pandisheni soketi na sanduku la umeme juu ya kimo hicho kwa nafasi ya kutosha, na fundi azitenganishe nyaya za chini na za juu. Likiwa ni mita moja na nusu, katika nyumba isiyo na ghorofa wala dari ambayo mtu anaweza kupandia usiku na kutokea juu ya paa, msiinunue.