Usimwache mwanafunzi "ajiokoe mwenyewe" kwenye rada

Mkuu, umeuliza mambo manne: jinsi ya kujaza ripoti ya kila siku ya mwanafunzi wa kuongoza ndege, idadi ya ndege za kumpa wiki ya kwanza, la kufanya na anayeongea haraka redioni, na kama ni sahihi kukaa kimya anapokosea "ili ajiokoe na ajenge kujiamini". Hilo la mwisho limenikosesha usingizi. Usifanye. Nilifanya mimi.

Nilipopata cheti cha ukufunzi wa kazini, aliyenifundisha alikuwa na msemo wake: mwanafunzi hajui kuogelea mpaka anywe maji. Tuliucheka, tukaushika kama aya. Mpaka leo nikimkumbuka damu inanichemka, maana hakutuambia kwamba maji yenyewe wanakunywa abiria.

Siku hiyo mwanafunzi wangu alikuwa mwezi wa tatu, kijana makini, mkono mwepesi. ATR, ndege ya abiria ya mapanga, inapanda kwenda usawa wa 150, yaani futi 15,000. Jeti inashuka kutoka upande wa pili, ilitakiwa isimame 160, futi 1,000 juu yake. Kijana akachanganya stripu mbili, vile vipande vya taarifa za kila ndege, akaipa jeti 140. Rubani akarudia 140 vilevile, na kijana akaridhika. Mimi nyuma yake nimeshaona. Jeti inapita 200, ATR inapita 115, kati yao maili 30.

Nikajiambia, nina karibu dakika tatu, ngoja agundue mwenyewe.

Hapo ndipo nilipokosea, naomba usome polepole. Ndege mbili zinazokabiliana namna ile zinasogeleana maili 11 kila dakika. Moja inashuka futi 2,000 kwa dakika, nyingine inapanda 1,000, kwa hiyo futi 1,000 za usalama zinaliwa kwa sekunde 20. Na zile dakika tatu hazikuwa zangu. Masafa ya redio ni ya yeyote aliyebonyeza kitufe. Nilipomaliza "kumpa nafasi", rubani wa Caravan, ndege ndogo, akaingia na habari ndefu ya abiria mgonjwa na kubadilisha kituo. Kijana akamjibu. Nikajiambia sekunde kumi zaidi. Nilipoamua kuingia, marubani wawili wakaongea kwa pamoja, masikioni ikawa mlio mtupu. Kitufe cha mkufunzi kinamkata mwanafunzi. Rubani hakimkati! Hilo hakuna aliyenifundisha darasani.

Sauti iliyofuata ilikuwa ya rubani wa jeti: "TCAS RA," yaani mfumo wa ndege wa kuzuia kugongana umempa amri ya kukwepa. Kijana akastuka, akafungua mdomo aiamuru ishuke. Nikamkata nikasema "Roger" tu, nikanyamaza. Mfumo ukishampa rubani amri, sisi hatutoi nyingine. Überlingen, Ujerumani, tarehe 1 Julai 2002, mwongoza ndege aliiambia Tupolev ya abiria ishuke wakati TCAS yake inasema panda, na Boeing ya mizigo nayo ilikuwa inashuka kwa amri ya TCAS yake. Walikufa watu 71. Hizi zetu zilipishana kwa futi 600 na maili 2, mahali ambapo tulitakiwa kuwa na maili 5 au futi 1,000.

Nikaondolewa kwenye rada siku hiyohiyo, na ilikuwa haki. Mwanafunzi anaongea kwa dhamana ya leseni ya mkufunzi wake, kwa hiyo ile 140 ilikuwa yangu tangu nilipoisikia nikanyamaza. Yule kijana hakupona. Alirudi wiki ya tatu, akawa akibonyeza kitufe sauti inakauka. Sasa yuko ofisi ya kupokea mipango ya safari, na kipaji alichokuwa nacho mimi sina. Huko ndiko kujiamini nilikotaka kumjengea kulikoishia.

Kwa hiyo kabla hamjaketi, jiwekee kikomo kwa namba. Changu sasa ni hiki: kama kosa halijasahihishwa na zimebaki dakika mbili kabla ya kupoteza nafasi kati ya ndege, naingia. Simgusi bega, simuulizi "unaona nini hapo?" Nasema "Nachukua", naongea na ndege, basi. Hizo dakika mbili ni kwa ajili ya yule rubani atakayeziba masafa. Na amri isiyo sahihi ikishatoka na kurudiwa, hapo hakuna kusubiri kabisa, isahihishe pumzi ileile. Kama unataka anywe maji, mpeleke kwenye simuleta, rada ya mazoezi isiyo na ndege za kweli, amwage ndege kumi kwa siku.

Mwambie hayo siku ya kwanza, mezani, kabla hamjavaa hedseti: nikisema "Nachukua" unaachia kitufe, sijakasirika, tutaongea baada ya zamu. Wangu wa sasa nimeshamchukulia mara tisa, na bado ananisalimia vizuri asubuhi.

Zamu yako ya kwanza naye ni lini? Andika namba yako kwenye stripu tupu, ibandike mahali utakapoiona.