Nyama nimeacha, gauti haijaniacha

*Shikamoo Mama. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Kongwa, miaka 47. Kidole gumba cha mguu huvimba usiku, shuka tu likikigusa napiga yowe. Asidi ya yuriki kwenye damu ilikuwa 9.1. Nikaacha nyama na bia miezi miwili, nikashindia ugali wa uwele na mlenda. Ikashuka hadi 8.4. Nilikusanya mkojo wa saa 24 kwenye dumu, nikaambiwa asidi humo ni nyingi, hivyo mwili wangu "unatengeneza kupita kiasi". Jirani yangu mwenye bucha anakula maini kila siku, mzima! Marehemu baba aliumwa hivi hivi. Nimerithi?*

Marahaba, Mwalimu. Pole kwa maumivu, na pole kwa mlenda wa miezi miwili (mimi Mgogo, lakini hata mimi ningechoka).

Jirani muache na maini yake. Sehemu kubwa ya asidi hiyo haitoki sahanini, huzaliwa mwilini chembe zinapochakaa. Mbuzi wa mnadani ana kimeng'enya cha kuivunja. Jeni yetu ya kazi hiyo iliharibika tangu enzi za mababu ambao hata hawakuwa watu bado. Tumebaki na njia mbili za kuitoa: figo, kama theluthi mbili, na utumbo, theluthi moja.

Wewe wa Kongwa unajua karanga zikishang'olewa watoto hupita shambani kuokoteza. Figo nayo huchuja asidi, kisha huokoteza kama asilimia 90 na kuirudisha kwenye damu. Waokotezaji wakuu ni protini mbili: URAT1, ya jeni SLC22A12, na GLUT9, ya jeni SLC2A9. Wapo watu, hasa Japani, waliozaliwa na URAT1 mbovu. Damu yao ina asidi kidogo mno.

Utumboni yupo msukumaji, ABCG2, anayetoa asidi kwenye damu. Lipo badiliko dogo la jeni yake linalompunguzia nguvu karibu nusu. Utumbo ukizembea, mzigo unahamia kwenye figo, mkojo unajaa asidi, na anayepima dumu lako anadhani kiwanda kimezidisha kazi. Kumbe mlango wa nyuma umebanwa! Wataalamu walilieleza hili mwaka 2012. Kabla ya hapo, nikiwa dirisha la dawa, nami niliwaambia wagonjwa maneno yale yale uliyoambiwa wewe.

Badiliko hilo limeenea Asia ya Mashariki, kwetu Waafrika ni adimu, kwa hiyo sikubandiki. Jeni zinazohusika ni nyingi. Lakini ugonjwa wa baba yako na hiyo 0.7 iliyoshuka kwa shida vinanifanya nijibu: ndiyo, kwa sehemu umerithi.

Hukusema kama unameza dawa ya presha, ile ya kukojoza. Hiyo huifanya figo irudishe asidi zaidi; losatani, dawa nyingine ya presha, humbana URAT1, yule mwokotezaji. Usibadilishe mwenyewe, muulize daktari. Muulize pia kuhusu allopurinoli, inayopunguza utengenezaji wenyewe, mlango wowote uwe umebanwa. Mkilenga chini ya 6 mtakuwa salama, maana ikipita 6.8 asidi huweza kuganda kuwa fuwele kwenye kiungo, nazo ndizo zinazokuliza kidole. Figo zipimwe kwanza, dozi ianze ndogo. Wiki za mwanzo kidole kinaweza kuwaka tena. Usizitupe tembe, rudi kwa daktari.