Niliitafuta laana kwenye damu ya mwanangu

Mwanangu alikuwa na miezi 8 vidole vya mikono na miguu vilipomvimba kama visheti. Nilidhani kiatu kinambana. Nikamkanda kwa maji ya vuguvugu karibu wiki tatu, mpaka macho yalipogeuka manjano ndipo tukaenda kupima. Jibu lilikuja kwenye kikaratasi: himoglobini SS. Selimundu. Mtaani kwetu tunasema sikoseli.

Naandika kwa mzazi aliyepewa kikaratasi hicho juzi, ambaye usiku hapati usingizi kwa swali moja tu: kwa nini sisi? Nimeishi na swali hilo karibu miaka 12. Jibu lake sijalipata, ila najua vizuri sehemu ambazo halipo, maana nyingi nimezilipia nauli.

Pa kwanza ni kwenye ukoo. Mama mkwe aliniambia kwa upole kabisa, "Mwanangu, kwetu Muheza ugonjwa huu haupo. Hebu ulizeni kwenu." Kwetu ni Ukerewe. Nikampigia mama, naye akasema kwetu haupo, tuulize kwa mume. Tulipochimba zaidi, pande zote mbili walikuwapo watoto waliokufa wadogo. Huyu alikuwa na bandama, yule alipungukiwa damu, mwingine alitupiwa kitu na jirani. Hakuna aliyewahi kuwapima.

Sasa mtu akiwa katika hali ile, akitokea wa kumwambia kuna jambo kwenye damu ya ukoo, anamwamini haraka, hasa kwa kuwa nusu ya maneno yake ni kweli! Mwombezi niliyepelekwa kwake alisema kuna agano la damu, kuna madhabahu ya babu ambayo haijavunjwa. Alinisomea Kutoka 20, pale Mungu anapopatiliza maovu ya baba zao hata kizazi cha tatu na cha nne. Nikafunga siku 7, nikatoa sadaka ya kuvunja. Kisha akasema dawa za kliniki ninazompa mtoto, foliki na penisilini, ni dalili kwamba bado nina mashaka. Nikaziacha. Haukupita mwezi, mtoto akapata homa, tukalazwa, akaongezewa damu. Nilikaa pembeni ya kitanda nikiitazama ile chupa ikidondoka tone kwa tone, damu ya mtu nisiyemjua, wala sikumuuliza ukoo wake.

Simtaji, na wala siwasemi vibaya wote. Mchungaji tuliye naye sasa ndiye anayenipigia kuuliza kama tumekwenda kliniki. Ukitaka kumpima mtu wa maombi, tumia kipimo hicho. Anayekuombea na kukusindikiza hospitali, kaa naye. Anayekuambia uchague, chukua mtoto wako muondoke.

Nilichokuja kukielewa kuhusu ugonjwa wenyewe ni hiki. Maelekezo ya mwili wa binadamu, yaani DNA, yameandikwa kwa herufi kama bilioni 3, na herufi zenyewe ni za aina nne tu: A, T, G na C. Kwenye kromosomu ya 11, penye maelekezo ya kutengeneza himoglobini inayobeba oksijeni kwenye damu, kuna mahali A imegeuka T. Basi. Herufi moja. Kwa sababu yake, chembe nyekundu ya damu ikipungukiwa oksijeni hujikunja kama mundu, ndiyo maana tunasema selimundu, na chembe zilizojikunja huziba mishipa midogo. Hapo ndipo mtoto anapolia usiku kucha akishika goti.

Na herufi hiyo hairithishwi na upande mmoja. Mimi ni AS, yaani nina nakala moja ya kawaida (inaitwa A) na moja yenye herufi iliyogeuka (inaitwa S), mume wangu ni AS, sote wazima, hatujawahi kuumwa. Kila mimba yetu ina nafasi robo ya kuzaa mtoto SS, nusu ya AS kama sisi, robo ya AA. Mume wangu aliposikia mmoja kati ya wanne, akapiga hesabu kwamba huyo mmoja tumeshampata, watatu wanaofuata watakuwa salama. Wengi wanahesabu hivyo. Siyo. Kila mimba inaanza upya, kama vile ya kwanza haikuwapo. Kwa hiyo mama mkwe na mama yangu wote walikosea, na wote walikuwa sawa. Siku tulipowaeleza hivyo wakiwa wawili sebuleni, ubishi wa nani kaleta ulikwisha. Kama una mchumba na bado hamjapima, kapimeni kabla ya kutoa mahari.

Niliporudi kwenye Biblia kwa utulivu nikakuta Ezekieli 18 inasema mwana hatauchukua uovu wa baba yake. Nikakuta na Yohana 9, wanafunzi wanauliza ni yupi aliyetenda dhambi hata huyu azaliwe kipofu, na Yesu anajibu, "Huyu hakutenda dhambi, wala wazazi wake." Sentensi hiyo niliiandika kwenye jalada la ndani la daftari la kliniki. Inayofuata, kwamba kazi za Mungu zidhihirishwe ndani yake, ilinichukua muda mrefu. Sikutaka mwanangu awe ubao wa matangazo wa mtu yeyote, hata wa mbinguni.

Halafu kuna ule ujumbe unaozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp. Eti jina la Mungu kwa Kiebrania limeandikwa ndani ya DNA. Eti kuna protini mwilini, laminini, yenye umbo la msalaba. Nilitumiwa na watu wanaonipenda, na kwa muda nilifarijika. Kisha nikajiuliza: tukisema kila herufi mle ndani ni sahihi ya Mungu, ile T ya mwanangu aliiandika nani? Nikaufuta ujumbe. Sikukasirika, ila imani inayosimama juu ya umbo la protini nisingeweza kuibeba wodini saa 9 usiku.

Kilichokaribia kunipa maana niliyoitafuta ni habari ya daktari mmoja, Anthony Allison, aliyekulia Kenya. Mwaka 1949 alizunguka nchi ile akikusanya damu za watu, akaona jambo la ajabu: wenye alama ya selimundu, yaani AS, ni wengi Pwani na kando ya Ziwa Victoria, lakini nyanda za juu ni adimu. Pwani na Ziwa ndipo penye mbu. Mwaka 1954 akaandika kwamba wenye AS wanapata kinga dhidi ya malaria kali. Niliposoma hivyo nilisimama jikoni nikacheka peke yangu. Muheza na Ukerewe! Pwani na Ziwa! Ile iliyoitwa laana ndiyo iliyowavusha bibi zetu utotoni, wakakua, wakazaa, hadi mimi na mume wangu tukakutana chuoni.

Nikamweleza kijana wangu, wakati huo ana miaka 10, nikidhani nampa zawadi. Alifikiri kidogo, akauliza, "Kwa hiyo wao walipona, halafu mimi ndiyo nalipa?"

Sikuwa na neno. Mpaka leo sina. Ndiyo maana nakuonya hata na faraja hii ya kisayansi. Itumie kujiondolea aibu, itumie kunyamazisha wanaosema ukoo wenu una mkosi, lakini usimpe mtoto kama sababu ya maumivu yake. Akiumia anahitaji dawa ya maumivu, maji mengi, blanketi, na mtu wa kukaa naye. Nikisali naye siku hizi sielezi chochote. Tunasema inauma, tunaomba ipungue, basi.

Rafiki yangu aliniuliza kama siogopi mambo ya kuhariri jeni, yaani kubadili maelekezo hayo ndani ya chembe za mgonjwa, kwamba ni kuingilia kazi ya Muumba. Tiba hiyo iliidhinishwa Uingereza Novemba 2023 na Marekani Desemba mwaka huohuo, na kwa Marekani bei yake ni zaidi ya dola milioni 2 kwa mgonjwa mmoja. Nikamwambia ningesaini jana. Kinachonikosesha raha kiroho ni hiyo bei. Sisi tuko kwenye haidroksiurea, vidonge vya kila siku, na vipindi vya maumivu vimepungua sana. Muulize daktari wako, usisubiri aanze yeye.

Mdogo wake tumempima, ni AS. Kaka mtu alilipokea jibu kwa kumtania, "Wewe mbu hawakuwezi." Yeye anajua kwamba SS haipewi kinga hiyo, na malaria kwake ni hatari kuliko kwa wenzake. Jana usiku aliniita nikidhani ameanza kuumwa. Kumbe alikuwa anashika chandarua upande wa miguuni. "Mama, hapa pana tundu." Nikaenda kuleta sindano na uzi.