Maswali ya Wasomaji: Chatu Katoroka Ndani ya Nyumba

SWALI: Assalaam alaykum. Mwanangu wa mwisho alimleta nyumbani chatu mchanga aliyemwokota shamba, mrefu kiasi cha mita moja, akamfuga katika tangi la samaki lililofunikwa ubao wenye jiwe juu yake. Usiku wa kuamkia Ijumaa nyoka huyo alitoroka, na leo ni siku ya nne hajaonekana. Nina mjukuu wa miezi 8 humu ndani. Majirani wananishauri nimwage mafuta ya taa kila pembe, na wengine wanasema keshakwenda zake mtaroni. Mwanangu naye, badala ya kutubu, anasema ataagiza mwengine wa nje mwenye rangi nzuri zaidi. Nifanyeje?
Bibi wa Kikwajuni, Unguja

JAWABU: Waalaykumu salaam, bibi yetu. Tuanze na mjukuu, kwa kuwa ndiye anayekukosesha usingizi. Chatu hana sumu. Huua kwa kujizungusha mwilini mwa windo na kulibana, na chatu wa mita moja windo lake ni panya, si mtoto wa miezi 8. Hata hivyo ana meno makali yaliyopinda kuelekea kooni, na akishtushwa huuma, kwa hiyo mtoto asilazwe sakafuni wala asiachwe peke yake, na usiku alale ndani ya chandarua kilichochomekwa vizuri chini ya godoro mpaka nyoka apatikane. Udogo wake usikupumbazeni lakini. Mwaka 2013, katika mji wa Campbellton nchini Kanada, chatu wa Afrika wa urefu wa karibu mita 4 alitoka kizimbani kupitia njia ya hewa, akaangukia chumba walimolala ndugu wawili wadogo, na wote wawili wakafariki. Huyo wenu, akiachwa akue, anaweza kufika urefu huo.

Wanaosema keshakwenda mtaroni wanaharakisha. Nyoka aliyetoroka mara nyingi haendi mbali. Hutafuta mahali penye giza, pembamba na penye joto, ambapo mwili wake utagusa kuta pande zote, akatulia hapo. Kwa hiyo kifungeni kwanza chumba chenye tangi, mzibe mwanya wa chini ya mlango kwa kanga kuukuu, kisha mpekue kitu kimoja kimoja: nyuma ya friji, ambako mota hutoa joto, ndani ya viatu, chini ya kabati, na ndani ya makochi yenyewe, kwa sababu hupenya palipochanika kitambaa cha chini na kulala humo kwa raha zake. Rudieni usiku kwa tochi, maana usiku ndipo anapotembea. Msipomwona, nyunyizeni unga wa ngano, utepe mwembamba, kwenye kila mlango, na asubuhi alama ya mburuzo itakuonyesheni amepita wapi. Wiki mbili zikipita msidhani amekufa. Chatu hukaa wiki nyingi bila kula.

Mafuta ya taa siyakubali hata kidogo. Hayana hakika ya kumtoa nyoka mafichoni, na nyumba yenye jiko na mtoto mchanga inakuwa imeongezewa hatari ya moto. Wako pia watakaokwambia kwamba huyo ni jini na atahadharishwe kwa siku 3. Hilo nawaachia masheikh, ila huyu wenu mfugaji wake anajulikana na tangi lake lipo.

Akionekana, ashikwe na kijana aliyemzoea, amfunike taulo, amtie ndani ya foronya na kuifunga fundo. Mkiwa na shaka kwamba ndiye, msimguse, kwani si kila nyoka atakayeingia nyumbani sasa ni yule. Atakayeumwa na nyoka msiyemjua apelekwe hospitali papo hapo, bila kufungwa kamba wala kuchanjwa kwa wembe.

Kosa lilikuwa la kifuniko. Nyoka husukuma kwa pua usiku kucha, hasa akiwa na njaa, akikosa maficho au joto likimzidi, na mwanya ukishapitisha kichwa, mwili hufuata. Jiwe halikumzuia kwa sababu hakuwa na haja ya kulinyanyua. Ilimtosha kuusogeza ubao upande. Wafugaji wanaojua kazi yao hutia komeo pande mbili na kuziba hata tundu la kupitishia waya wa taa.

Ama huyo wa nje, mkatalie kabisa. Chatu wote wamo katika CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea ya porini, hawavushwi mpaka bila kibali, na nyoka mgeni akitoroka kisiwani madhara yake hayaishii sebuleni. Kisiwa cha Guam kiliingiliwa na nyoka wa mitini aliyejificha ndani ya shehena baada ya Vita vya Pili vya Dunia, naye akawamaliza karibu ndege wote wa asili wa msituni. Na huyu wa shamba, mkishampata, msimrejeshe tangini hata mkinunua komeo. Mwacheni ndani ya foronya yake, mahali penye kivuli, na asubuhi hiyo hiyo kijana ampeleke kwa maofisa wa misitu, awaeleze ni shamba gani alimwokota.