Maswali ya Wasomaji: Uvimbe wa ini unaong'aa baada ya mionzi

SWALI: Madaktari wa safu hii, hamjambo? Baba yetu ana saratani iliyoanzia kwenye ini lenyewe. Alipigwa mionzi ya kulenga uvimbe nchini India, vipindi 5. Miezi 3 baadaye MRI iliyofanyika huku nyumbani inasema uvimbe “bado unang'aa katika awamu ya ateri”. Tumeambiwa mionzi imeshindwa. Ni kweli? – Msomaji, Tanga

JIBU: Kwa maneno hayo peke yake, hapana. Uvimbe wa aina hii hunyonya zaidi damu ya ateri, ndiyo maana hung'aa mapema, katika awamu ya ateri, takriban sekunde 35 baada ya dawa ya kontrasti kuingia mshipani. Ukichomwa kwa joto au ukizibiwa mishipa, mng'ao hutarajiwa kuzimika upesi, na ukibaki tunashuku saratani hai. Mionzi haiendi hivyo. Huharibu DNA, na seli nyingi hufa pale zinapojaribu kugawanyika, huku damu ikiendelea kupita. Mng'ao unaweza kubaki miezi 6, hata 12 au zaidi, ilhali saratani imeshadhibitiwa.

Makosa huanza pale msomaji wa picha anapotumia mRECIST, kigezo kinachopima sehemu inayong'aa tu. Mfumo wa LI-RADS wa 2024, mwongozo wa kusoma picha za saratani ya ini, umetenga njia yake kwa mionzi: mng'ao wenye umbo la uvimbe usiokua, au unaopungua, huhesabiwa kuwa hauendelei. Ukiwa mpya au umeongezeka, ndipo uvimbe huitwa hai. Kwa hiyo MRI moja haitoshi. Mpelekeeni mtaalamu CD yenye picha zote za kabla ya tiba, si karatasi ya ripoti.

Ombeni pia kutoka India ramani ya mgawanyo wa dozi, inayoonyesha mionzi ilipita wapi. Sehemu ya ini isiyo na saratani iliyopitiwa na mionzi nayo hung'aa kwa miezi, kisha husinyaa na kuvuta ukingo wa ini ndani. Eneo hilo hufuata njia ya mionzi, mara nyingi kwa mipaka iliyonyooka isiyojali vipande vya ini. Asiye na ramani hulipima pamoja na uvimbe, akaandika “umekua”. Tumeona ripoti za namna hiyo mara nyingi mno.

Kwenye picha za difyusheni, yaani picha za MRI zinazoonyesha mwendo wa maji ndani ya tishu, seli zilizosongamana hubana mwendo wa maji. Zikifa, thamani ya ADC, kipimo cha mwendo huo, hupanda. Lakini weupe wa picha ya difyusheni peke yake hudanganya, maana majimaji nayo hung'aa humo. Lazima ramani ya ADC isomwe sambamba.

SWALI: Nini huharibu picha hizi, na mgonjwa ajiandae vipi?

JIBU: Pumzi, kuliko kitu kingine chochote. Kila awamu humtaka mgonjwa azuie pumzi sekunde 15 hadi 20, na awamu ya ateri ikiharibika hairudiwi bila kudunga dawa upya. Afanye mazoezi kabla ya kuingia kwenye mashine. Asile kwa saa 4 hivi. Mwenye maji mengi tumboni ni afadhali apimwe kwa mashine ya tesla 1.5 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku), kwa sababu kwenye tesla 3 maji hayo huacha vivuli vyeusi juu ya ini.

Dawa ya kontrasti iwe ileile kila safari. Gadolini ya kawaida ni mililita 0.2 kwa kilo, yaani 12 kwa mtu wa kilo 60. Gadoksetati, aina ya gadolini inayonyonywa na seli za ini, ni 0.1, yaani 6, na picha yake ya mwisho hupigwa dakika ya 20. Gadoksetati wakati mwingine humkatisha mgonjwa pumzi ghafla katika awamu ileile ya ateri, na bilirubini (rangi ya nyongo kwenye damu) ikiwa juu ini huinyonya kwa shida. Kipimo cha figo kifanyike kabla. eGFR, kipimo cha kasi ya figo kuchuja damu, ikiwa chini ya 30, daktari wa picha aamue.

SWALI: AFP imeshuka. MRI ya nini tena?

JIBU: AFP, protini ya damu inayoweza kupanda kwa saratani ya ini, ina maana kama ilikuwa juu kabla ya tiba, kwa wagonjwa wengi haikuwa. Isitoshe, haionyeshi mahali, na ini lenye sirosisi (makovu) huota uvimbe mwingine pembeni. Mwaka wa kwanza, MRI kila miezi 3. Ila tumbo likijaa maji au macho yakiwa ya manjano ndani ya miezi 4 baada ya mionzi, msisubiri tarehe ya MRI: huenda mionzi imeliumiza ini, na vipimo vya damu vya ini vinahitajika siku hiyohiyo.