Nishike nini mgonjwa akichomwa dawa ya usingizi?

Shikamoo Mama. Nasoma uuguzi mwaka wa pili, Iringa. Mgonjwa wa endoskopi (kipimo cha kuingiza kamera kupitia kooni) akichomwa midazolamu ya usingizi na fentanili ya maumivu, kazi yangu hasa ni ipi?
– Mwanafunzi, Kihesa

Marahaba, mwanangu. Kazi yako ni pumzi yake. Daktari macho yake yapo kwenye skrini. Wewe tazama kifua kinavyopanda, maana dawa hizo zikikutana hupunguza upumuaji kuliko ikiwa moja peke yake. Kipimo cha oksijeni cha kidoleni nacho kina vituko: Juni na baridi yetu hii, vidole vikiganda kinasoma ovyo au hakisomi. Msugue mkono, mfute rangi ya kucha. Lakini usianze kuilaumu mashine kabla hujamwangalia mgonjwa!

Flumazenili huzima midazolamu, naloksoni huzima fentanili. Nguvu za dawa hizi mbili za kuzima zaweza kuisha mapema, mgonjwa akazama tena usingizini, kwa hiyo usimwache. Propofoli, dawa nyingine ya usingizi, haina cha kuizima.

Kabla ya kipimo, chakula kisimame angalau saa 6 nzima. Ulanzi, pombe ya mianzi, uulizie kwa jina; wengine hawauhesabu. Akishapuliziwa dawa ya ganzi, lidokaini, kooni, chai isubiri hadi ganzi iishe na ameze vizuri.